Tupeane uzoefu: kumbukumbu ya zamani ikigongana na mpya, kwako inatokea wapi?

Mwalimu wa Moro

Wakuu, habari za wakati huu. Nafundisha saikolojia kwenye chuo cha ualimu, na kila mwaka nikifika mada ya kusahau nakuta wanafunzi wameshika jambo moja tu: kwamba kumbukumbu hufifia kadiri siku zinavyokwenda. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Mengi tunayodai tumeyasahau bado yamo kichwani, yamezibwa tu na mengine yanayofanana nayo.

Kugongana huku kuna njia mbili. Moja, ya zamani inaiziba mpya. Stendi ya mabasi ya mikoani pale Dar ilihamia Mbezi Luis tangu 2021, lakini mpaka leo utamsikia mtu mwenye begi na tiketi mkononi anamwambia bodaboda "nipeleke Ubungo". Ukimuuliza stendi iko wapi atakujibu sawasawa. Anajua, ila mdomo umetangulia. Njia ya pili, mpya inaiziba ya zamani. Umebadili namba ya simu na ya sasa umeizoea, siku unayoulizwa ile uliyofungulia akaunti, haiji. Na uliitaja kila siku kwa miaka.

Wenzetu wamelichunguza jambo hili muda mrefu. Mwaka 1900 Wajerumani wawili, Georg Elias Müller na Alfons Pilzecker, waliwakaririsha watu orodha za silabi zisizo na maana. Waliopewa orodha nyingine mara tu baada ya ile ya kwanza waliikumbuka ya kwanza vibaya kuliko walioachwa wapumzike. Mwaka 1957 Mmarekani Benton Underwood akaonyesha upande wa pili. Mtu anayekariri orodha kwa mara ya kwanza kwenye majaribio ya namna hiyo, kesho yake anakumbuka karibu robo tatu. Yule aliyekwisha kukariri orodha nyingi kabla ya hiyo anabaki na karibu robo. Muda uliopita ni uleule, siku moja. Kilichowatofautisha ni mrundikano wa nyuma.

Sasa naomba tuweke vitabu pembeni. Nataka ya kwenu: kazini, nyumbani, barabarani, kwenye ibada. Inakutokea wapi, na umefanya nini ikapungua? Nitayatumia darasani bila kumtaja mtu.

Dereva wa Rusumo

Mwalimu, hapa umegusa kazi yangu. Napiga ruti ya Dar–Kigali. Kwetu tunakwenda kushoto, ukivuka daraja la mto Kagera pale Rusumo unahamia kulia. Watu wanadhani hatari iko mpakani. Mpakani hakuna shida: kuna foleni, kuna askari, kuna vibao, na lori lililo mbele linakuonyesha pa kupita. Hatari iko kesho yake alfajiri. Umelala yadi au sheli, saa kumi na moja unawasha gari, unatoka getini, barabara tupu, hata baiskeli hakuna. Hapo mikono inaenda kushoto yenyewe. Na huna hata wasiwasi, ndicho kinachotisha. Unajiona uko sahihi kabisa.

Mimi na utingo wangu tuna sheria. Kabla sijaachia hendibreki, yeye anataja upande kwa sauti na mimi naurudia kwa sauti. Akiwa amelala, gari halitoki mpaka aamke. Pia nikishavuka nafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, nakifungua siku narudi, palepale Rusumo.

Na kurudi msikudharau. Ukishazoea kulia wiki nzima, unaingia Ngara ukijisemea "niko nyumbani", umakini unalegea, na ile ya kulia bado mbichi. Nimeona wenzangu wazoefu wakikosea upande wa nyumbani kuliko wa ugenini.

Mkenya wa Maskati

Dereva amenena. Mimi nilijifunza kuendesha Mombasa kwa magari ya Japani, indiketa iko mkono wa kulia wa usukani, waipa kushoto. Huku Omani ni kinyume, na barabara yenyewe ni ya kulia. Upande wa barabara nilizoea haraka kwa sababu naogopa kufa. Indiketa haiogopeshi mtu, kwa hivyo imechukua muda mrefu ajabu: nataka kukata kona, waipa zinaanza kufuta kioo kikavu, jua kali nje. Nikienda likizo Mombasa naanza upya upande ule mwingine.

Mwalimu wa Moro

Mkenya, umesema jambo zito hapo kwenye woga. Kosa lisiloadhibiwa haliondoki upesi. Na dereva, kile kitambaa ni elimu tosha. Kinachokukosesha ni kwamba barabara tupu inaita majibu mawili kwa nguvu sawa. Wewe umeongeza kitu ambacho ni cha Rwanda peke yake.

Nesi Mstaafu

Wanangu, nitasema ya hospitali, maana nimeyaona kwa macho yangu zahanati za Lindi na Mtwara.

Dawa ya malaria ya nchi yetu ilibadilika mara mbili nikiwa kazini. Tulikuwa na klorokwini: mtu mzima vidonge vinne leo, vinne kesho, viwili kesho kutwa. Mwaka 2001 ikaja SP (sulfadoxine na pyrimethamine): vitatu, unameza mara moja mbele ya nesi, basi. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, ALu (artemether na lumefantrine): vinne kwa mara moja, lakini mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla vidonge 24, na dozi ya pili inafuata saa nane baada ya ile ya kwanza, usisubiri kesho.

Angalieni sasa zilivyogongana. Wale wazee wa klorokwini walisikia "vinne" na "siku tatu", wakadhani ni mambo yaleyale. Walikuwa wanakunywa vinne asubuhi, jioni hawagusi. Watu wa SP ndio kabisa: walikuwa wamezoea kumeza mara moja na kuondoka, kwa hiyo homa ikishuka siku ya pili, vidonge vinavyobaki vinawekwa kabatini vikingojea homa nyingine. Ukimuuliza mgonjwa dirishani akwambie atakavyokunywa, anakujibu sawa kabisa. Akifika nyumbani, mkono unafuata dawa ya zamani.

Sisi wenyewe tulikuwa hatarini. Ukiwa na wagonjwa wamejaa benchi, umechoka, maelezo ya dawa yanatoka bila kuyafikiria, na yanayotoka ni yale uliyoyasema kwa miaka. Mkuu wetu wa zahanati alituokoa kwa jambo dogo: alikataza tusiseme neno lolote mpaka tumemaliza kuchora kwenye kibahasha. Jua moja, mwezi mmoja, mara tatu, na chini ya kila picha vidoti vinne. Huwezi kuchora SP kwa jua na mwezi. Mchoro ulikulazimisha uifikirie dawa hii ya leo.

Mpaka leo wakileta dawa mpya hospitali nawaambia vijana: msimwambie mgonjwa namna ya kuitumia tu, mwambieni na inavyotofautiana na ile aliyoizoea.

Mama Wanne

Shikamoo mama Nesi, umenifundisha. Langu ni dogo. Nina watoto wanne, nikitaka kumwita wa mwisho napita kwanza kwa kaka zake wote, wakati mwingine hata kwa mdogo wangu niliyemlea. Mtoto amenuna, ananiuliza kama simjui. Inaniuma kwa sababu yeye anaona simpendi kama wenzake.

Mwalimu wa Moro

Mwambie ni kinyume chake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliandika juu ya hili 2016. Majina yanayochanganywa hivyo ni ya watu walio kwenye kundi moja moyoni: watoto kwa watoto, ndugu kwa ndugu. Hata mbwa wa nyumbani jina lake huingia humo. Huwezi kumwita mwanao kwa jina la karani wa benki. Ukimpitia kwa jina la kaka yake na la mdogo wako uliyemlea, maana yake amekaa palepale walipo wao.

Mwana wa Chuoni

Assalamu alaykum. Kwa sisi tuliohifadhi Qur'an jambo hili lina somo lake kabisa: aya zinazoshabihiana, mutashabihat. Niko Unguja, nasomesha watoto chuoni, yaani madrasa, jioni wakishatoka skuli. Mtoto mwenye juzuu tatu kati ya thelathini hana tabu. Akivuka nusu ndipo inapoanza kazi, kwa kuwa sasa amebeba aya nyingi zenye mwanzo mmoja, na ulimi ukishashika njia haurudi.

Nitoe mfano. Al-An'am aya ya 151 na Al-Isra aya ya 31. Zote zinakataza watu kuwaua watoto wao kwa ajili ya ufukara. Al-An'am inasema "nahnu narzuqukum wa iyyahum", Sisi tunakuruzukuni nyinyi na wao. Al-Isra inasema "nahnu narzuquhum wa iyyakum", Sisi tunawaruzuku wao na nyinyi. Chuoni kwetu watoto wanaanzia Juzuu Amma, ile ya mwisho, wakirudi nyuma, kwa hiyo Al-Isra wanaihifadhi kwanza. Miezi inapita, anafika Al-An'am. Anaanza vizuri, "wala taqtulu awladakum", kisha ulimi unampeleka Al-Isra, na badala ya kuendelea na "wala taqrabul fawahisha" anamalizia "inna qatlahum kana khit'an kabira". Amehama sura, na amesoma kwa sauti nzuri bila kusita. Unamrudisha, unamrudisha, mpaka Al-An'am inakaa. Ukimsikiliza Al-Isra mwezi unaofuata, yale ya Al-An'am yameingia huko. Zile njia mbili za mwalimu, mtoto mmoja amezipita zote.

Dawa ya zamani ilikuwa kurudia, na asiyerudia bakora. Mimi siiamini. Ukirudia aya moja mara mia peke yake, unaitia nguvu, na ikishakuwa na nguvu ndiyo inamsukuma mwenzake. Ninachofanya ni kuziweka mbili pamoja, siku moja, kitako kimoja, na kumuuliza mtoto kwa nini zimetofautiana. Wafasiri wameeleza. Al-An'am imesema "min imlaq": ufukara upo tayari, mzazi mwenyewe ana njaa, basi ametajwa yeye mwanzo. Al-Isra imesema "khashyata imlaq": ufukara haujafika, unaogopwa, hofu ni hao watoto watakula nini, basi wametajwa wao mwanzo. Nina kijana aliyekuwa akilia machozi kwa aya hizi. Nilipomfahamisha hili alinyamaza kidogo, akasoma Al-An'am, akasoma Al-Isra, akaniangalia akacheka. Tangu siku hiyo sijamsikia akizichanganya.

La pili, msahafu uwe mmoja. Wengi wetu tunatumia msahafu wa Madina, kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa. Aliyehifadhi anajua aya iko juu kulia au chini kushoto, na anaiona akifumba macho. Mpe msahafu wa chapa nyengine wenye mpangilio mwengine, ile picha inavurugika. Mzazi anayemnunulia mtoto msahafu mzuri wa zawadi aniulize kwanza.

Mnazi wa Kariakoo

Kumbe ndiyo maana! Kijiweni tunabishana kila siku kuhusu derby ya Simba na Yanga: nani alifunga sare ile, msimu gani, uwanja wa Uhuru au wa Mkapa. Zile za sifuri sifuri na moja moja zimekuwa mchuzi mmoja. Lakini hakuna anayebishana kuhusu 5-0 ya Simba mwaka 2012, 5-1 ya Yanga Novemba 2023, wala ile 3-3 ya Oktoba 2013, Yanga wanaongoza tatu mpaka mapumziko halafu Simba wanarudisha zote.

Mwalimu wa Moro

Hayo matatu hayana yanayofanana nayo. Na umenikumbusha utafiti wa Alan Baddeley na Graham Hitch, 1977, kwa wachezaji wa raga Uingereza. Waliulizwa timu walizocheza nazo msimu ule. Kilichoamua kama mtu anakumbuka mechi fulani ni mechi ngapi alicheza baada yake. Idadi ya wiki zilizopita haikuwa na uzito huo. Aliyekuwa majeruhi, hivyo hakucheza katikati, aliweza kukumbuka mechi ya zamani kana kwamba ni ya juzi.

Binti Fundi

Nimesoma yote nikasita kuandika, lakini naandika. Baba yangu alikuwa fundi cherehani sokoni Arusha. Aliugua muda mrefu kabla hajafariki, na mimi ndiye niliyemuuguza. Tangu tumzike, kila nikijaribu kumkumbuka anayekuja ni yule wa kitandani: amekonda, sauti haitoki, ananishika mkono hanijui. Nilimjua baba miaka zaidi ya thelathini akiwa mzima, anaimba, utepe wa kupimia umening'inia shingoni hata mezani. Yule simpati. Niliona kama ugonjwa umemchukua mara mbili.

Shangazi ndiye aliyenisaidia. Alinikatalia kukaa na picha za mwisho kwenye simu, akanipeleka sokoni kwa wateja wake wa zamani. Kila mmoja alikuwa na nguo. Mama mmoja muuza nyanya alinionyesha koti la marehemu mumewe, akageuza mfuko nje: baba alikuwa anapiga mshono mara mbili pembeni mwa mfuko, kisha msalaba mdogo wa uzi kwenye kona ili usifumuke. Sare yangu ya darasa la kwanza ilikuwa na msalaba uleule. Nilipoupapasa kwa kidole, nikamsikia. Cherehani inakwenda, anasimama, ananiambia nigeuke apime bega.

Siku hizi nina kitambaa chenye ule mshono. Yule wa kitandani bado anakuja, na sitaki aondoke, naye ni baba yangu. Ila sasa hayuko peke yake.

Mwalimu wa Moro

Pole sana dada. Sina la kukufundisha hapo. Nitaongeza tu, kwa wengine walio kwenye hali hiyo: picha zinazofaa ni za mambo ambayo ugonjwa haukuyagusa, kazi yake, wimbo wake, harufu ya mahali pake. Vikao vya familia vinavyorudia siku za mwisho kila mara vinazidi kuzitia nguvu hizohizo.

Kidato cha Nne 2

Shikamooni. Nasoma sayansi. Nikisoma Baiolojia usiku kisha Kemia, asubuhi Baiolojia imepotea. Na meza ya kuzidisha nimeikariri kwa Kiswahili shule ya msingi, mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, mpaka leo nazidisha kwa Kiswahili kimoyomoyo halafu nageuza jibu, wenzangu wamemaliza. Nifanyeje?

Mwalimu wa Moro

Marahaba. Hilo la kuzidisha usihangaike nalo. Namba ulizoshika utotoni zitabaki katika lugha uliyozishikia, na jibu ni lilelile. Andika jibu kwa tarakimu moja kwa moja, usilitaje kwa lugha yoyote.

La Baiolojia: acha kufuatanisha masomo yanayofanana usiku mmoja. Baada ya Baiolojia weka Hesabu au Jiografia ya ramani, kitu ambacho akili inakitumia kwa namna nyingine. Na somo gumu kuliko yote lisome mwisho, kisha ulale. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach, Chuo Kikuu cha Cornell, waliwajaribu wanafunzi wawili: wakikariri kisha wakalala, walikumbuka zaidi kuliko wakikariri kisha wakaendelea na shughuli kwa saa zilezile. Aliyelala haongezi kitu juu ya alichosoma. Ule mtindo wa kukesha mkipokezana masomo mpaka alfajiri, ninyi wa bweni, unawaumiza.

Mwana wa Chuoni

Mwanangu, na mambo mawili yanayokuchanganya, kama mitosisi na meiosisi, zile namna mbili za seli kugawanyika, usiyakimbize mbalimbali. Yaweke ubavu kwa ubavu kwenye karatasi moja, uandike yanapoachana na kwa nini. Ukishajua kwa nini, ulimi unatulia.

Mtoto wa Mwisho

Mwalimu, samahani kama natoka nje ya mada. Mama yangu ana miaka sabini na kitu. Mambo ya mashamba ya mkonge Tanga, alikokulia, anayasimulia neno kwa neno, hata majina ya wasimamizi. Lakini anaweza kuuliza kama amekula mara tatu ndani ya saa moja, na juzi aliacha jiko la gesi linawaka. Ndugu wanasema ni ya zamani yanaziba mapya, ni uzee tu. Ndiyo hiyohiyo?

Mwalimu wa Moro

Hapana, tusichanganye. Katika kugongana, jibu linalotoka huwa liliwahi kuwa sahihi: namba ya zamani, stendi ya zamani. Na ukimkumbusha, anasema "aah, kweli". Mama anapouliza kama amekula na ukimwambia amekula hana hata chembe ya kukumbuka, hapo jambo jipya halikuingia kabisa. Hilo ni la hospitali. Mpelekeni bila kungoja arobaini ya mtu wala likizo.

Nesi Mstaafu

Mwalimu amesema kweli, nami naongeza. Mwanangu, usimpeleke kwa hofu tupu. Kusahau kwa namna hiyo kunaweza kuletwa na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona baada ya msiba, au dawa anazotumia, na hayo yanatibika. Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za kienyeji, usifiche. Anayeongozana naye awe yule anayeishi naye, si mtoto aliyekuja na ndege. Andikeni lini mlianza kuona, na siku ya jiko iandikeni kama ilivyotokea. Mpaka mpate jibu, mtungi wa gesi ufungwe kwenye regyuleta kila anayepika akimaliza, na mama asiachwe peke yake jikoni.